Nepia: kwa nini jani lisilokufa mtoni linadumaa shambani

Barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu huvuka Mto Yala huko bondeni kati ya Khayega na Chavakali, na kandokando ya mto huo huota majani yanayompita mtu mzima kwa kimo. Hakuna aliyeyapanda wala anayeyapalilia. Minana huchana nyuzi nyembamba kutoka kwenye majani hayo na kusukia viota. Maji yakijaa na kuyalaza, yanainuka. Moto wa kiangazi ukiyateketeza, mvua ya kwanza inayachipua upya kutoka kwenye mashina. Sasa panda mlima kidogo ufike mashambani. Utakuta nyasi hiyo hiyo mistarini, imetiwa samadi na kupaliliwa, lakini mashina kadhaa yameishia magotini: majani membamba ya manjano, machipukizi mengi yasiyo na mwili, na ng'ombe zizini analia njaa.

Mmea ni mmoja. Wafugaji wanauita nepia au majani ya ng'ombe. Wengine wanauita nyasi za tembo. Wataalamu wa mimea waliuandika Pennisetum purpureum kwa muda mrefu, na mwaka 2010 wakauhamishia kwenye jenasi ya Cenchrus, ndiyo maana vibandiko vya vituo vya utafiti bado vina majina yote mawili. Kwa nini unashamiri ukiachwa na kuugua ukitunzwa? Jibu limo katika namna unavyosafiri kutoka shamba moja hadi jingine, na ukishaielewa safari hiyo, mambo mengi yanayowakanganya wafugaji wa magharibi ya Kenya yananyooka: magonjwa, aina zenye majina kumi, hata zile za mtandaoni zinazonadiwa kama muujiza.

Mwenyeji aliyerudi na jina la kigeni

Nepia ni ya Afrika. Asili yake ni ukanda wa kitropiki wenye mvua, hasa udongo mnono wa kingo za mito na pembezoni mwa misitu, na nyanda za kaskazini mwa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ambayo imeyatawala tangu zamani. Inapenda mvua ya milimita 1,000 na zaidi kwa mwaka. Inastawi kuanzia usawa wa bahari hadi mita 2,000 hivi, na baada ya hapo inaanza kusuasua. Mfugaji wa Bahati au Njoro anaipata vizuri. Wa Molo au Mau Narok, ambako baridi ya usiku hukata, anategemea zaidi oti na nyasi za Kikuyu. Jambo moja huwashangaza watu wa Kano na Ahero: ingawa ni nyasi ya mtoni, haipendi kusimama ndani ya maji. Kingo za mto huchuruzika, tambarare ya udongo mweusi haichuruziki, na nepia iliyotuamishiwa maji kwa muda mrefu huoza mizizi.

Jina lenyewe linatoka kwa Kanali Napier wa Bulawayo, aliyeihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, kuijaribu kama chakula cha mifugo. Huo ulikuwa mwaka 1909. Miaka minne baadaye ilikuwa imefika Marekani, na katika miaka ya 1920 ilikuwa Brazil. Watu waliokuwa wakiishi katikati ya nyasi hizi kwa vizazi, wakiezekea, wakizungushia ua na kukokea moto kwa mabua yake makavu, hawakuhesabiwa katika ugunduzi huo. Sisemi kwa kinyongo. Ndivyo mimea mingi ya Afrika ilivyopata vyeti vyake.

Huko ilikofikishwa imekuwa na sura mbili. Brazil imeijengea mashamba ya ng'ombe wa maziwa na inaipima kama chanzo cha nishati, kwa kuwa ni vigumu kupata mmea mwingine unaotoa mzigo mkubwa hivyo wa majani na mabua kwa ekari. Florida, kwa upande wake, inaihesabu miongoni mwa mimea vamizi mibaya, kwani imejaa kingo za mifereji na kusonga mimea ya asili. Hawaii na visiwa vya Galápagos vina malalamiko kama hayo. Kipande cha bua kinachoelea kwenye mfereji kikikwama matopeni kinatoa mizizi kwenye vifundo vyake, na mbegu zake nyepesi zenye nywele hupeperushwa na upepo.

Basi kwa nini haituvamii sisi? Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: panga. Katika kaunti kama Vihiga, ambako mashamba mengi hayafiki ekari moja, hakuna nepia inayopata nafasi ya kuzeeka na kutoa mbegu. Ile ya kando ya barabara nayo ina mwenyewe, na ukiikata bila ruhusa utajua ni nani. Sababu ya pili ni kwamba hapa imezungukwa na maadui wa tangu jadi: wadudu, kuvu na vimelea walioishi nayo kwa maelfu ya miaka. Huko Florida nepia ilifika bila wengi wao. Hapa nyumbani wapo, na baadhi yao ndio watakaotuletea kisa cha manjano.

Kutoka kichakani hadi zizini

Ardhi ilipogawanywa kutoka baba hadi wana, na kutoka wana hadi wajukuu, malisho ya wazi yaliisha. Ng'ombe wa gredi naye hawezi kufungwa kamba kando ya barabara siku nzima akategemewa kutoa ndoo ya maziwa. Mwaka 1980 serikali ya Kenya, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mradi wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa maziwa, ukawafundisha wafugaji wadogo kumweka ng'ombe bandani na kumletea chakula. Chakula hicho kilikuwa nepia. Hesabu iliyofundishwa ilikuwa nyepesi: ng'ombe mmoja wa maziwa anakula kama kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, na ekari moja iliyotunzwa vizuri inamtosha yeye na pengine ndama wake.

Ni hesabu nzuri karatasini. Ekari iliyotunzwa vizuri maana yake ni ekari inayorudishiwa samadi kila baada ya kukatwa, na hapo ndipo wengi wanapoteleza. Nepia inakua haraka kwa sababu inakula haraka. Kila mzigo unaotoka shambani unaondoka na naitrojeni na potasiamu, na samadi ikiishia kwenye mahindi na mboga, mwaka wa tatu nepia inakonda. Mfugaji anasema mbegu imechoka, kumbe udongo ndio uliochoka. Shika hilo, kwa sababu unjano wa njaa na unjano wa ugonjwa hufanana kwa mbali, na wapo waliong'oa nepia nzima wakati ilihitaji mikokoteni michache tu ya mbolea ya zizi.

Kwa wenye vishamba vidogo na mvua za kubahatisha, upande wa Kitale ndiko kulikojaribiwa na kuenezwa njia iitwayo tumbukiza. Unachimba shimo la sentimita 60 kwenda chini na upana kama huo, unarudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi, unaacha sentimita kama 15 bila kujaza ili maji yatuame hapo, kisha unapanda vipande vitano hadi kumi ndani ya shimo moja. Kazi ya kuchimba inaumiza mgongo, sitakudanganya. Lakini katika kiangazi cha Januari, nepia ya shimoni bado ina kijani wakati ya mistari ya kawaida imekwisha kujikunja.

Ukataji una kanuni yake. Ikifika mita moja hivi, yaani wiki sita hadi nane baada ya mkato uliopita, majani bado ni mengi kuliko mabua na protini iko kati ya asilimia 8 na 10. Ikiachwa hadi imfiche mtu, unapata mzigo mkubwa wa kujivunia mbele ya jirani, lakini protini inashuka chini ya asilimia 7, na chini ya kiwango hicho vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe hukosa naitrojeni ya kufanyia kazi. Ng'ombe anashiba na maziwa yanapungua. Nepia peke yake, hata ikikatwa kwa wakati, inahitaji mwenzake wa jamii ya kunde: desmodiamu, kaliandra au lusini.

Matumizi mengine nitayapitia haraka. Kwenye miteremko ya Maragoli na Kisii inapandwa kwenye matuta kuzuia udongo usishuke bondeni, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Inakinga upepo. Mabua makavu huwasha moto. Ikibaki nyingi wakati wa mvua inakatwakatwa, inanyunyiziwa molasi na kushindiliwa kuwa sileji. Yote haya yanajulikana. Kisichojulikana na wengi ni kazi yake ya usiku.

Nepia na nondo wa jioni

Mahindi ni mgeni Afrika, yalitoka Amerika. Funza anayeyatoboa mabua, yule aitwaye Busseola fusca, ni mwenyeji. Kabla mahindi hayajaja alikuwa akiishi kwenye nyasi za porini na mtama. Mwenzake, Chilo partellus, alitoka Asia na kuingia Afrika katika karne ya 20. Katika miaka ya 1990, watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walijiuliza: ikiwa funza hawa wanapenda nyasi za porini, ni nyasi ipi wanayoipenda kuliko mahindi? Kazi ilifanyika Mbita, ufukweni mwa Ziwa Victoria, ikiongozwa na Zeyaur Khan, kwa ushirikiano na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya. Wakazipima nyasi na mimea kwa mamia.

Nepia ikawa miongoni mwa walioshinda, na sababu yake ni ya ajabu. Nondo wa funza hutaga mayai giza linapoingia. Wakati huo huo nepia huachia harufu zake kwa wingi, kwa kiasi kinachozidi kwa mbali kile cha mchana, na kuliko mahindi yanavyofanya. Nondo anaifuata harufu, anataga kwenye nepia, anaondoka akijua amewapa watoto makao. Mayai yanaanguliwa, funza wachanga wanaanza kutoboa bua, na nepia inatoa utomvu mzito unaonata. Wengi wanafia humo. Wachache wanaopona hukua kwa taabu. Yaani nyasi inawaita wageni kwa harufu ya chakula kisha inawafungia mlango wakiwa ndani.

Kutokana na ugunduzi huo ukazaliwa mfumo uitwao vuta-sukuma. Mistari mitatu ya nepia inazunguka shamba la mahindi na kumvuta nondo nje. Katikati ya mistari ya mahindi inapandwa desmodiamu, ambayo inatakiwa kumsukuma kwa harufu yake. Majaribio kwenye mashamba ya wakulima yalianza mwaka 1997 na 1998 katika wilaya za wakati huo za Suba na Trans Nzoia. Desmodiamu ilikuwa na zawadi ambayo watafiti hawakuitarajia mwanzoni: ilimaliza kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na ambalo Waluo wamelilaani kwa vizazi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo zilizolala udongoni, kisha kuuzuia mzizi wake mchanga usiifikie mihindi. Linachipuka na kufa bila kupata pa kunyonya. Kwa gugu ambalo mmea wake mmoja hutoa maelfu ya mbegu zinazoweza kukaa ardhini zaidi ya miaka kumi, hilo si jambo dogo.

Mfumo huu unasifiwa mno, na wakati mwingine sifa huzidi maelezo, kwa hiyo nitenganishe mawili. Kuhusu kayongo, ushahidi ni mzito. Kuhusu kusukuma kwa harufu, wanasayansi bado wanavutana. Baada ya viwavijeshi vamizi kuingia Kenya mwaka 2017, utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulionyesha kuwa mashamba ya vuta-sukuma yalikuwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Lakini watafiti wengine wamekuja kudai kwamba desmodiamu haifukuzi wadudu kwa harufu bali huwanasa na kuwajeruhi kwa vinywele vyake vyenye ndoano. Kwa mkulima wa Siaya mjadala huo haubadilishi gunia lake la mahindi. Kwa anayetaka kuboresha mfumo, unabadilisha mengi, kwa sababu ukijua silaha yenyewe ndipo utajua aina gani ya desmodiamu uichague.

Angalia vilevile kwamba katika mashamba yaliyopimwa kwa viwavijeshi, nyasi ya ukingoni haikuwa nepia bali brakiaria, aina ya Mulato II, inayovumilia ukame zaidi. Nayo ni jamaa wa Afrika aliyekwenda Amerika ya Kusini, akachanganywa huko Colombia, akarudi akiwa na jina jipya. Kuibadilisha nepia kulikuwa na sababu ya hali ya hewa. Sababu nyingine ilikuwa inapanda taratibu kutoka Bungoma.

Manjano ya Bungoma

Mwaka 1997, wakati wakulima wa kwanza wa vuta-sukuma wanapewa nepia ya kuzungushia mahindi, kuliripotiwa huko Bungoma nepia iliyokatwa ikakataa kurudi. Machipukizi yalitoka mengi kupita kiasi, mafupi, majani madogo ya manjano. Mkato wa pili ukawa mbaya zaidi. Mwishowe shina likafa. Ugonjwa huo, uitwao udumavu wa nepia, ulisambaa katika kaunti za magharibi na ng'ambo ya mpaka, Uganda. Wafugaji waliokuwa na ng'ombe watatu wakabaki na mmoja, wengine wakaanza kununua majani kwa mkokoteni kila asubuhi.

Chanzo ni fitoplazma, bakteria asiye na ukuta wa seli, anayeishi ndani ya mishipa inayosafirisha sukari ya mmea. Haonekani kwa macho wala hapulizwi dawa. Anaharibu mpangilio wa homoni, ndiyo maana mmea unachipua ovyo badala ya kurefuka. Mwaka 2009 watafiti wa ICIPE walimtambua mbebaji: mdudu mdogo sana arukaye, Maiestas banda, anayefyonza utomvu wa mmea mgonjwa na kumhamishia mzima. Fitoplazma za namna hii zimepatikana pia katika nyasi nyingine za porini zinazoota kando ya mashamba, kwa hiyo hata ukisafisha shamba lako lote, ukingo wa njia unaweza kuwa na akiba.

Hata hivyo mdudu huyu peke yake asingeweza kuufikisha ugonjwa mbali hivyo kwa haraka hivyo. Aliyemsaidia ni mkulima mwenyewe.

Tukumbuke nepia inavyopandwa. Mbegu zake halisi ni chache, ndogo, dhaifu, na kwa kuwa maua yake huchavushwa na chavua ya mmea mwingine, mche wa mbegu haufanani na mama yake. Kwa hiyo hakuna anayepanda mbegu. Tunapanda pingili: kipande cha bua chenye vifundo vitatu, viwili vikifukiwa, au shina lililopasuliwa pamoja na mizizi yake. Tunaviita mbegu, lakini kila kipande ni mwili ule ule wa mmea uliotoka. Jirani anakuja na panga, anakata, anabeba begani. Shemeji kutoka Butere anapelekewa gunia juu ya bodaboda. Hakuna anayelipa, na kumnyima mtu mbegu ya nepia ni uchoyo. Kwa njia hiyo nepia ilienea magharibi nzima bila duka, bila kampuni, karibu bure. Huo ndio uzuri wake mkubwa kwa maskini.

Pingili iliyotoka kwenye mmea wenye fitoplazma inaibeba ndani. Na ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mmea ulioambukizwa unaweza kuonekana mzima kabisa hadi ukatwe. Dalili hutokea kwenye machipukizi baada ya mkato wa kwanza au wa pili. Mwenye shamba hadanganyi anaposema yake ni nzuri. Anaiona nzuri. Tena, kwa kuwa kijiji kizima kimepanda vipande vya bua lile lile la mwanzo, wote wana mmea mmoja wenye udhaifu mmoja. Kichakani kando ya Yala, ambako mbegu huanguka na kuchanganyika, kila shina lina urithi wake kidogo. Likishikwa moja, la pili linaweza kupona, na lililokufa linafunikwa na wenzake hata usijue. Panga nalo halipiti kila wiki ya saba kumlazimisha mgonjwa aanze upya.

Kuna ugonjwa mwingine unaochanganywa na huu: fugwe. Huo huletwa na kuvu, Ustilago kamerunensis, na Kenya ulianza kusumbua eneo la kati mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nepia yenye fugwe hutoa masuke kabla ya wakati, masuke hayo yakiwa yamejaa unga mweusi, na mabua hukonda. Ukiona weusi kwenye suke ni fugwe. Ukiona unjano na ufupi baada ya mkato, bila suke, shuku udumavu. Tofauti hii ina maana shambani. Aina ziitwazo Kakamega 1 na Kakamega 2 zilisambazwa kwa sababu zinastahimili fugwe. Wapo waliozipanda wakidhani wamepata kinga ya yote, na wakashangaa. Kwa udumavu, majina yanayotajwa zaidi na wataalamu ni Ouma na South Africa.

Nepia ya mtandaoni

Siku hizi ukifungua simu huko Nakuru, hutakosa tangazo la Super Napier, iitwayo pia Pakchong, inayouzwa kwa kipande kama chotara ya nepia na mawele kutoka Thailand. Wauzaji hutaja protini ya asilimia 16 hadi 18. Inakua kwa kasi kweli, na haina vinywele vya kuwasha mikono kama nepia ya kienyeji, jambo ambalo mkataji yeyote atalishukuru. Lakini protini ya nyasi haikai kwenye jina. Inategemea umri wa mkato na naitrojeni iliyoko udongoni. Ikatwe changa, iliyonyeshewa na kutiwa mbolea, namba zitapendeza. Ikatwe imefika dirishani, kwenye udongo uliochoka, nayo itakuwa mabua kama mengine. Nami ningemwuliza muuzaji swali moja kabla ya bei: mashina uliyokatia vipande hivi yamekatwa mara ngapi tangu yapandwe, na yalirudi vipi? Akijibu kwamba ni mara ya kwanza, anauza kitu ambacho hata yeye hajakiona.

Swali hilo hilo ndilo la kumwuliza jirani, kwa upole zaidi. Chukua pingili kutoka shamba ulilolitazama likichipua baada ya mkato wa pili au wa tatu, si shamba lililosimama refu ambalo halijaguswa. Shina likidumaa katikati ya yaliyo mazima, usilisubiri lipate nafuu, kwa sababu halitapata: ling'oe na mizizi yake yote, ulichome au ulifukie, na pale mahali upande kitu kingine kwa muda. Majani yaliyodumaa hayamdhuru ng'ombe, kwa hiyo yaliyokwisha kukatwa unaweza kulisha. Changanya aina mbili au tatu shambani, hata kama mistari haitapendeza. Na weka brakiaria au desmodiamu kona moja, ili siku nepia ikiyumba ng'ombe asiyumbe nayo.

Limebaki jambo moja kuhusu hizo aina zinazostahimili udumavu, na sijalisikia likisemwa vya kutosha kwenye mikutano ya wafugaji. Kustahimili si sawa na kutoambukizwa. Mmea unaostahimili unaweza kuwa na fitoplazma mishipani, ukaendelea kukupa mzigo wako kila wiki ya saba, na wakati huo huo ukawa kisima ambacho yule mdudu anachota na kupeleka kwa nepia ya jirani isiyo na nguvu hiyo. Kwa hiyo ukiipata Ouma, usiipande ukiwa umeacha mashina ya zamani yenye manjano mstari wa pili, na ukiwagawia watu mbegu, wagawie wote wa ukingo mmoja kwa msimu mmoja badala ya kumpa mmoja leo na mwingine mwakani.